Mnyambe Si Nje ya Nchi

Mnyambe, Newala
10 Juni 2024

Mpwa wangu mpendwa Ethel,

Salamu zikufikie huko Dodoma ukiwa katika afya njema na utulivu wa kazi. Shikamoo uliyonitumia kwa mdomo wa mama yako nimeipokea, marahaba. Sisi hatujambo. Mama Huruma anasumbuliwa na goti lakini hataki lisemwe, hivyo nakuandikia habari hiyo bila yeye kujua. Maji yamekuwa adimu tangu mvua zikatike. Mikorosho imeanza kutoa maua, na ugonjwa wa ubwiriunga umekwisha kuonekana katika mashamba ya bondeni. Mama yako, dada yangu Flora, nilimkuta Chiungutwa Jumapili ya Utatu, akanilaumu mbele ya wageni kwamba sikupita Pasaka. Lawama hiyo niliikubali, kwa kuwa ilikuwa ya haki.

YAH: KUFUNGIWA MLANGO WA MFUMO MMOJA

Baada ya salamu, naomba kuingia katika kiini cha barua. Wewe uko Makao Makuu ya Wakala wetu wa Afya ya Mikorosho, kitengo cha kompyuta. Mimi ni mkaguzi wa Wakala huohuo katika kata hii. Nitaeleza nilivyouelewa Mfumo, ili kama nimekosea unisahihishe. Zamani kila mkaguzi alikuwa na programu ndani ya kompyuta yake, zikiletwa kwa gari kutoka Masasi, na kila mmoja alikuwa na toleo lake. Sasa programu zote zinakaa Makao Makuu, na sisi tuliotawanyika mashambani tunazifungua hukohuko kwa njia ya mtandao, kila mmoja kwa jina lake na neno lake la siri. Kompyuta iliyo mkononi mwangu imebaki kuwa dirisha tu. Jambo hilo niliunga mkono kwa maandishi wakati wengine wakinung'unika.

Mwishoni mwa Mei dirisha langu lilifungwa. Imenifikia barua kutoka Ofisi ya Kanda, Masasi, isemayo kwamba akaunti yangu ilitumika kutoka nje ya nchi, na kwamba kwa sababu hiyo nimempa mtu wa nje neno langu la siri. Natakiwa kuandika barua ya kukiri na kuomba radhi, ndipo nipewe onyo tu. Nisipoiandika nitafikishwa mbele ya Kamati ya Nidhamu, na mwisho wake waweza kuwa kufukuzwa kazi.

Sijampa mtu neno langu la siri. Hata Mama Huruma halijui, na ameliulizia. Pasi ya kusafiria sijawahi kuishika. Kwa hiyo barua ya kukiri sitaiandika. Sikuombi upendeleo, nakuomba unieleze tu kompyuta zenu zimeniona wapi.

Wako katika damu na katika utumishi,
Gerson


Dodoma
24 Juni 2024

Mjomba Gerson,

Shikamoo. Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa basi, imekunjika lakini salama. Nilikuwa nimekutumia ujumbe kwa simu mara kadhaa bila jibu, hadi Mama Huruma aliponiambia kwamba jambo zito unalijibu kwa karatasi. Basi nami nimenunua karatasi. Goti lake alinieleza mwenyewe, akaniomba nisikuambie kwamba ameniambia. Huku ni baridi na vumbi, na mimi ni mzima.

Kuhusu kazi: Mfumo umeuelewa vizuri. Sababu ya kuuleta unaijua pia. Msimu uliopita kituo kimoja kilikuwa bado na programu ya zamani yenye kipimo cha zamani cha dawa, na maua ya shamba zima yakaungua. Programu zikikaa mahali pamoja, kipimo kikirekebishwa asubuhi, kila mkaguzi anakiona asubuhi hiyohiyo. Lakini mlango ukiwa mmoja, mwizi naye ana mlango mmoja tu wa kuhangaika nao. Ndiyo maana pamewekwa ukuta: anayeingia kutoka nje ya nchi anazuiwa na akaunti inafungwa. Wewe ulionekana ukiingia kutoka Msumbiji, wala si mara moja.

Mjomba, andika barua hiyo. Mistari mitatu inatosha. Barua za namna hiyo huwekwa kwenye jalada na hakuna anayezifungua tena, na wewe kustaafu kwako hakuko mbali. Naomba pia unijibu swali moja: siku zile ulikuwa unapatia wapi mtandao?

Mpwa wako,
Ethel


Mnyambe
8 Julai 2024

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba. Nashukuru kwa barua yako yenye mwandiko wa kusomeka. Mama yako alipita hapa akiwa kwenye bodaboda, amejifunga kitenge kichwani kwa sababu ya vumbi, hata sikumtambua mpaka aliponiita kwa jina la utotoni mbele ya wakulima. Huruma amepata mtoto wa pili, wa kike. Jina lake bado linajadiliwa na kila upande una msimamo wake.

YAH: MISTARI MITATU

Mistari unayoiona wewe kuwa mitatu ililetwa hapa ikiwa imekwisha kuchapwa. Aliyeileta ni Cuthbert, mkaguzi mwenzangu wa Newala mjini, ambaye unamfahamu kwa sauti yake hata kama hujamwona.

"Bwana Waraka," akasema, maana ndivyo wanavyonitania, "weka saini hapa tukanywe chai."

Nikamwuliza, "Umeisoma?"

"Nimeiandika mimi."

"Hapa umeandika kwamba nilimpa neno la siri mtu asiyejulikana. Mtu huyo ni nani?"

"Si nimesema hajulikani?"

"Hata kwangu mimi niliyempa?"

"Baba Huruma, huo ndio uzuri wake. Hawawezi kumwita shahidi."

Nilicheka, sikukusudia. Kisha nikamrudishia karatasi yake. Hapo akakasirika kweli, akasema kwamba mikorosho inachanua na mimi nimekaa nabishana na mashine, na kwamba kiburi hakipulizii mikorosho dawa ya salfa. Nikamjibu kwamba salfa ya Mnyambe anaigawa yeye kwa sasa na wakulima hawajalalamika. Kinachobaki ni jina langu, na jina langu hagawi mtu.

Swali lako la mtandao nimelisoma mara mbili. Sitalijibu. Jibu ninalo, ila si langu peke yangu.

Wako,
Gerson


Dodoma
29 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu. Mwambie Huruma kwamba upande wangu nao una msimamo kuhusu jina, nitautuma ukihitajika. Nilichelewa kujibu kwa sababu tulikuwa tunaunganisha vituo vya kanda nyingine kwenye Mfumo na sikuwa nalala nyumbani.

Jibu ulilonikatalia nimejipa mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuja kwako likizo, ukanituma hadi ukingoni, pale juu ya bonde la Ruvuma, nikampigie Mama simu. Simu ikashika mnara wa ng'ambo, saa yake ikarudi nyuma saa nzima, kwa kuwa Msumbiji wako nyuma yetu. Nikarudi nikakuambia kwamba nimekuwa mdogo kwa saa moja, ukasema basi nirudie kuosha vyombo.

Ulikuwa unatumia laini ya ng'ambo. Hukuvuka mto, na neno la siri hukumpa mtu. Mtandao wako ndio uliovuka. Liandike hilo kwa Kamati, Mjomba. Tuhuma kubwa itaanguka, itabaki ndogo ya kutumia laini isiyoruhusiwa. Sioni kwa nini unalificha.

Ethel


Mnyambe
12 Agosti 2024

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba. Mtoto ameitwa Yuliana, jina la bibi wa upande wa baba. Sisi tumeshindwa kwa heshima. Upepo ni mkali, na goti sasa linasemwa hadharani kwa kuwa dada yako Huruma alimlaza mama yake kitandani kwa nguvu.

YAH: LAINI YA NG'AMBO

Umepatia. Pale ukingoni laini zetu zinakohoa, ya ng'ambo inazungumza. Awadhi, muuza laini wa sokoni Newala, anaziweka zote katika sahani moja kama karanga. Mteja humwuliza ipi inashika, hakuna amwulizaye ipi ni ya nchi gani. Mimi nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kuifikiria laini ile kuwa ni ugenini. Ng'ambo tuna mashemeji; tunazikana na kuozana. Tulipoamriwa kufungua programu zote kwa mtandao, nilichukua mtandao uliokuwepo nikafanya kazi.

Ninachokificha ni hiki. Nikiliandika hilo, swali la pili la Kamati litakuwa: nani mwingine? Nami nawajua wote wanaokaa juu ya yale mawe na kompyuta magotini, Cuthbert akiwa na jiwe lake maalumu. Wana watoto shuleni na mikopo ya bati. Sitawaandika.

Nami nina swali, naomba lipokelewe kwa roho ile ile ninayoliulizia. Uliandika kwamba pamewekwa ukuta. Hukuandika na nani. Katika kikao hicho cha ukuta, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyezaliwa huku?

Gerson


Dodoma
2 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Joto limeanza kurudi. Mama amenipigia simu kuhusu paa la jikoni, nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi. Msalimie Yuliana mdogo na mama yake.

Nimesikia Kamati itakaa Masasi mwezi huu. Vaa lile koti la kijivu. Jibu kwa ufupi.

Ethel


Mnyambe
23 Septemba 2024

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba. Koti nililivaa. Paa la jikoni la mama yako nimelitazama nilipopita Chiungutwa wakati wa kurudi. Linaweza kusubiri, yeye ndiye hawezi.

YAH: KIKAO CHA KAMATI

Kikao kiliongozwa na mama mmoja mtu mzima aitwaye Bibi Witness, mwenye sauti ya upole na kalamu isiyotulia. Aliniuliza kama nakiri au nakana. Nilisema nakana kumpa mtu neno la siri, na nakiri kutumia laini ya ng'ambo nikiwa nimekaa juu ya jiwe lililoko Mnyambe.

"Kwa hiyo, kimtandao, ulikuwa nje ya nchi," akasema.

"Nilikuwa Mnyambe, Mheshimiwa. Mnyambe kuna shule ya serikali, na tunapiga kura."

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Bwana Gerson, mashine inasema Msumbiji."

"Mashine haijafika. Mimi ndiko ninakotoka."

Akaandika. Kisha likaja lile swali nililokuambia. "Nani wengine wanatumia laini hizo?"

"Swali hilo naomba nisilijibu."

"Unajua maana ya kukataa kujibu mbele ya Kamati?"

"Naijua. Nimeisoma kanuni kabla ya kuja."

"Baba, taja watatu tu. Yako yanaisha leo, unarudi nyumbani na kazi yako."

"Basi hayataisha leo, Mheshimiwa."

Bibi Witness aliweka kalamu chini kwa mara ya kwanza, akanitazama kama mtu anayetaka kusema jambo lisilo la kikao, kisha akaiokota tena. Nimesimamishwa kazi mpaka Makao Makuu yatoe uamuzi. Nilitoka wima. Nje nilimkuta Cuthbert, ambaye alikuwa amekuja kwa bodaboda toka Newala, akidai ana shughuli zake Masasi. Aliniagizia wali na maharage, akakaa akanitazama nikila mpaka nikamaliza.

Barua yako ya Septemba ilijaa hali ya hewa. Nimeielewa. Sitauliza tena.

Wako,
Gerson


Dodoma
14 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo naanza na jambo lenyewe. Salamu zitafuata, utanisamehe.

Ukuta niliuweka mimi. Kikao kilipouliza kama kuna mtumishi wetu yeyote anayetumia mtandao wa nje, kila mtu aligeuka kunitazama mimi, kwa kuwa ndimi mtu wa mpakani. Nikasema hakuna. Sikuwa nadanganya. Hata mimi, niliyerudishwa kuosha vyombo kwa sababu ya saa ile, sikuwahi kuihesabu laini ya ng'ambo kuwa ya nje. Wewe na mimi tumekosea kosa lile lile, ila lako limefunguliwa jalada na langu limeitwa usalama.

Nimeyaandika hayo katika waraka kwa Mkurugenzi, kwa jina langu na saini yangu. Nimependekeza kwamba kata za mpakani ziruhusiwe kuingia kwa laini yoyote inayoshika, mradi mkaguzi athibitishwe kwa namba atakayopewa na ofisi ya Masasi. Hakuna jina la mtu litakalohitajika, si la Cuthbert wala la jiwe lake. Mkurugenzi hakufurahi, lakini ameidhinisha, na shauri lako limefungwa. Akaunti itafunguliwa.

Wasalimie wote. Mimi ni mzima, na usingizi umerudi.

Ethel


Mnyambe
4 Novemba 2024

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba, mara mbili. Barua yako nilimsomea Mama Huruma, kisha akaichukua akaisoma mwenyewe. Mavuno yamepamba moto. Kila kibaraza kina korosho zilizoanikwa na kila mtoto ana fimbo ya kufukuzia mbuzi. Mabibo yanaoza chini na nyuki wamelewa.

YAH: KISANDUKU

Nilipewa namba huko Masasi, nikaenda ukingoni, nikafungua. Dirisha lilifunguka. Lakini kabla ya programu kuonekana ulitokea ukurasa mmoja wenye maneno haya: "Ninakubali kwamba nilikiuka masharti ya usalama kwa kumruhusu mtu mwingine kutumia akaunti yangu." Chini yake pana kisanduku cha kubonyeza, na bila kubonyeza huendelei.

Cuthbert alikuwa juu ya jiwe la pili. Naye alifungiwa Septemba. Mashine ilimwona yenyewe, bila mimi kumtaja.

"Bonyeza, Mzee," akasema. "Hakuna binadamu anayesoma hapo."

"Kama hakuna anayesoma, kimeandikwa kwa ajili ya nani?"

"Mimi nimebonyeza, na sijapungua kitu."

"Wewe ulimpa nani akaunti yako?"

"Sijampa mtu."

"Basi umekubali uongo, Cuthbert, tena kwa kidole."

"Kidole changu kina watoto wanne," akasema, akaendelea na kazi yake. Simlaumu.

Hata hivyo nimeifunga kompyuta. Yale niliyoyakataa mbele ya Kamati nikiwa nimevaa koti, siwezi kuyakubali juu ya jiwe kwa sababu tu hakuna anayenitazama. Wakulima wananiuliza kama nimerudi kazini. Nawajibu kwamba kazi imenirudia, mimi bado. Meneja wa Kanda ametuma neno kwamba nisipoingia kwenye Mfumo kabla ya Desemba nitahesabiwa kuwa nimeacha kazi kwa hiari. Ahesabu.

Sikuombi kitu. Naandika ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Gerson


Dodoma
18 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Ukurasa ule haukuandikwa kwa ajili yako. Programu humwekea kila mtu aliyefungiwa kisha akafunguliwa, awe amekosa au hakukosa. Nimeangalia waliobonyeza mwaka huu. Ni wengi, toka kila mkoa wenye mikorosho, na nusu yao najua hawakumpa mtu chochote.

Sitakuambia ubonyeze.

Uzuri wa programu kukaa mahali pamoja ni kwamba kinachoondolewa hapa kimeondoka kote. Ijumaa asubuhi niliuondoa ukurasa ule. Sikuomba ruhusa, kwa kuwa ningenyimwa. Wakati unasoma barua hii haupo Mnyambe, haupo Newala, haupo popote. Alama zote zilizobonyezwa nazo nimezifuta, ya Cuthbert ikiwemo.

Mkurugenzi ameniita leo. Anataka barua ya kukiri na kuomba radhi, nami nitapewa onyo tu. Nisipoandika nitaondolewa kwenye kitengo hiki. Nimerudi mezani kwangu nikashika kalamu, na kila nikianza najikuta naomba radhi. Mjomba, katika ukoo huu mwenye kalamu ni wewe. Nisaidie kujibu.

Ethel


Mnyambe
27 Novemba 2024

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba. Leo nimeingia kwenye Mfumo bila kutakiwa kukiri ambacho sikukifanya, na nimepeleka taarifa ya kata nzima. Rasimu uliyoiomba ni hii:

"Mkurugenzi. Niliuondoa ukurasa huo kwa sababu uliwataka watumishi waseme uongo ili waruhusiwe kufanya kazi. Nilijua ninachofanya. Ukirudishwa nitauondoa tena."

Nilikuwa nimejaza kurasa mbili, pamoja na vifungu vya kanuni. Mama Huruma aliniambia nisome kwa sauti, akawa anasema "kata" kila nilipoanza kujieleza, mpaka yakabaki hayo. Nilitaka kuongeza "kwa heshima na taadhima" mwishoni, akanitazama tu.

Nakili kwa mkono wako. Ukiyaona ni mafupi mno, yaache hivyohivyo.

Mjomba wako,
Gerson